Sharti la Maegesho

Mama Milango hakuwa na mtoto anayeitwa Milango. Naanza na hilo mapema kwa sababu kuna bwana mmoja mgeni wa ofisini aliwahi kumuuliza mwanawe huyo anasoma darasa la ngapi, na kiwanda kizima kikavunjika mbavu. Jina lilitokana na kazi. Katika kiwanda cha kuunganisha magari alisimama sehemu ya milango, upande wa kushoto wa mstari, mahali pale pale kwa miaka mingi. Bodi la gari likimfikia limeshapakwa rangi, tupu, halina kioo wala kiti, yeye na mwenzake wanapachika milango minne, wanakaza bawaba, wanabandika mpira wa kuzuia maji pembeni, halafu anaufunga kila mlango kwa nyonga. Mkono hatumii, mkono una grisi. Mlango uliokaa sawa unaitikia *dup*, mara moja, basi. Ukipiga kelele za bati, anaufungua na kuanza upya huku anausema kama mtoto aliyerudi nyumbani na nguo chafu.

Mlango pekee uliomshinda kuufunga ulikuwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao. Kukiwa na jambo la kumwambia meneja, wanaume wazima wenye vifua vyao walikuwa wanatazama viatu, kisha wanasema, "Mwiteni Mama Milango."

Sasa, kiwanda chenyewe kilikuwa kinakata roho, na kila mtu alijua kinachokiua. Gari zee lililokwisha kutumika ng'ambo likishushwa bandarini lilikuwa linapunguziwa ushuru kwa sababu ya umri wake, kana kwamba ni mstaafu anayeheshimiwa. Lakini kiwanda kikileta kioo kipya cha mlango, kinatozwa ushuru. Kikileta bawaba, ushuru. Skrubu, ushuru. Ukija kulikusanya gari vipande vipande, ushuru wa vipande umeshalizidi gari zima la mtumba lililokuja linatembea lenyewe, na redio inapiga. Hebu niambie, hapo nani atanunua la kwako? Walinunua watu wa shirika la maji, walinunua watu wa posta, basi. Magari mengine yalisimama uwanjani mpaka ndege wakajenga kwenye vioo vya pembeni.

Ndipo meneja akawakusanya wafanyakazi wote karibu na chumba cha rangi akawaambia bila kuzunguka. Kamati ya bunge inakuja kutazama kiwanda. Wakiridhika, watapeleka pendekezo: magari ya mtumba yapandishiwe ushuru, na vipuri vya kuundia magari viondolewe ushuru. Wasiporidhika, wenye kiwanda wameshasema, geti linafungwa na mashine zinauzwa.

Mama Milango alikuwa ameshayaona hayo. Kiwanda kiliwahi kufungwa mara moja, zamani, yeye akiwa bado msichana, mgeni kazini. Alirudi nyumbani na ovaroli yake kwenye mfuko wa plastiki, akakaa miaka anashona magunia ya saruji yaliyochanika ili yauzwe tena, na vumbi lake likamkaa kifuani mpaka leo. Ovaroli ile hakuitupa. Aliipiga pasi kila mwezi, mumewe, Mungu amrehemu, akimtania kwamba anaipigia pasi maiti. Kiwanda kilipofunguliwa tena alikuwa mtu wa kwanza getini, na kola imesimama. Kurudia yale ya magunia hakutaka hata kuyaota.

Na hapa ndipo penye aibu yenyewe, jamani, maana hadithi hii ingekuwa fupi kama si aibu hii. Nenda pale nje ya kiwanda, kwenye maegesho ya wafanyakazi, uangalie magari yaliyopangwa. Yote mitumba. Hakuna hata moja lililotoka ndani ya ukuta ule. Fundi wa rangi anaendesha mtumba, fundi wa injini mtumba, meneja mwenyewe mtumba mrefu wenye vioo vyeusi. Watu wanashinda wanaunda magari, jioni wanapanda ya watu wengine kurudi nyumbani.

Mama Milango naye alikuwa na lake. Aliuziwa na mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja, aliyekuwa dalali wa magari hayo hayo, kijana wa suruali zilizobana na simu mbili. Alilinunua kwa ajili ya mama yao. Bibi alikuwa na mgongo mbovu, wa kupelekwa kliniki kila mara, na kati ya viti vyote duniani mgongo ule ulikubaliana na kiti cha mbele cha gari lile tu. Na gari lilikuwa linaongea. Ukiwasha ufunguo, sauti ya binti inatoka kwenye dashibodi, laini, yenye heshima, inasema maneno marefu ya lugha ya huko lilikotoka. Dalali alishindwa kuinyamazisha. Mafundi watatu walishindwa. Bibi alisikiliza siku ya kwanza, akaamua kwamba mtu mwenye adabu kiasi kile hawezi kuwa anasema kitu kingine. Anaamkia. Kwa hiyo kila asubuhi binti akimaliza maneno yake, bibi anaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha ndipo safari inaanza.

Siku mbili kabla ya ugeni, meneja alimwita Mama Milango ofisini akafunga mlango, ambao ulilia vibaya na ukamkera. Akamwambia waheshimiwa wasije wakayaona yale magari nje. Wafanyakazi waache magari nyumbani. Mama Milango akamweleza kwamba wengi wanakaa mbali, na zamu inaanza kabla ya mabasi. Wakakuna vichwa. Mwishowe ni yeye aliyelitoa lile wazo, na alijivunia kweli kweli: nyuma ya ghala kuna mlima wa makasha ya mbao ambamo vipuri huletwa, na nyuma ya makasha kuna uwanja mtupu. Magari yaingizwe huko, yafunikwe maturubai. Nani atakwenda kutazama masanduku?

Siku ikafika. Magari yakapangwa nyuma ya makasha, yakafunikwa, ungeapa ni shehena ya mashine. Bibi alikuwa na kliniki mchana ule, kwa hiyo naye alikuja, akakalishwa kwenye kibanda cha mlinzi wa geti na kikombe cha chai, akaambiwa atulie hapo. Mlinzi, mzee mpole aliyepaka rangi nyeupe kila jiwe la njia ile kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, alimpa kiti chake mwenyewe. Kilikuwa cha mbao.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mfupi aliyevaa viatu vya chini. Mama Milango aliviona viatu akaingiwa na wasiwasi, maana mgeni anayevaa viatu vya kutembea ana nia ya kutembea. Na kweli alitembea. Alishika, aliuliza, aliingiza kichwa chini ya bodi. Meneja alimwonyesha michoro yake ya ushuru ukutani, akaielewa upesi kuliko wabunge wenzake waliokuwa wanatafuta kivuli. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawasawa. Meneja akanyoosha mkono kuelekea ukumbi wa chai.

"Chai itasubiri," mwenyekiti akasema. "Nataka kuona makasha."

Alieleza kwa nini. Amesikia kuna viwanda vinavyoleta gari zima, vinatoa magurudumu, vinayarudisha, halafu vinasema vimeunda. Anataka kuona kwa macho yake kinachokuja ndani ya hizo mbao. Jambo la haki kabisa. Meneja aligeuka rangi. Mama Milango, aliyekuwa anafuatana nao na ovaroli yake ya kupigwa pasi, akajilaani kimoyomoyo, maana kati ya sehemu zote za kiwanda kile kikubwa alikuwa ameificha aibu yao pale pale ambapo mkaguzi mwenye akili lazima aende.

Wakafika. Kasha likafunguliwa, ndani mna vioo na nyaya, mwenyekiti akatikisa kichwa kuridhika. Alikuwa ameshageuka kuondoka. Hapo ndipo nyuma ya makasha, ndani ya turubai, sauti ya binti ikaanza kusema kwa heshima zote, maneno marefu ya ng'ambo. Na ilipomaliza, sauti nyingine, kavu, ya mtu mzima:

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa."

Kiti cha mbao kilikuwa kimemshinda bibi. Alikuwa amejikongoja kulitafuta gari lake, akaona miguu ya gari chini ya turubai, akaingia kwenye kiti chake anachokijua, akawasha ufunguo ulioachwa mahali pake ili ashushe kioo apate hewa. Mheshimiwa mmoja alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Mwenyekiti yeye alizunguka makasha, akashika pembe ya turubai, akalifunua. Bibi akamsalimu. Mwenyekiti akaitika, akafunua la pili, akafunua la tatu, akatazama safu nzima iliyojifunika kama watoto wanaojifanya wamelala.

Akauliza magari ni ya nani. Meneja alikohoa, akaanza kusema kitu kuhusu wageni na matengenezo. Mama Milango alimtazama, akaona aibu mbili hazibebeki kwa siku moja. Akapiga moyo konde.

"Ni yetu, mheshimiwa. Yote. Hilo la kwanza ni langu, na aliyemo ni mama yangu mzazi."

Mwenyekiti hakufoka, na afadhali angefoka. Aliuliza polepole. "Mnataka niwapandishie wananchi bei ya magari ya mtumba, na ninyi wenyewe ndiyo mnayoendesha. Nikirudi kwa watu wangu niwaambie nini?"

Hapo hapakuwa na mchoro wa ukutani. Wafanyakazi walikuwa wameshatoka kwenye mstari, wamesimama huku na huko na spana mikononi, wanatazama viatu vyao. Mama Milango alifungua kinywa bila kujua kitatoka nini.

"Waambie ukweli. Tunaunda magari tusiyoweza kuyanunua, na tumeona haya mpaka tukayafunika. Mtulinde, lakini msitulinde bure. Tupeni muda na sharti. Muda ukiisha, usituulize kwa barua, na wala usipite mlango wa mbele. Njoo uangalie maegesho yetu. Ukikuta hata gari moja la mtumba la mfanyakazi wa hapa, tuondoleeni huo ulinzi, na geti nitalifunga mimi kwa mkono wangu."

"Muda gani?"

Nyuma yake meneja alinong'ona kwa sauti ya mtu anayezama, "Kumi. Sema kumi."

"Miaka minne," akasema Mama Milango.

Mwenyekiti alirudi kwenye gari la kwanza. Kisha, mtu wa ajabu yule, akainama dirishani akamuuliza bibi yeye ana maoni gani kuhusu sera ya magari. Bibi alifikiri. Akasema gari litoke litokako, yeye anachotaka ni kiti kisichomuumiza mgongo. Na hilo nalo, mwenyekiti akasema, ni sharti la haki.

Pendekezo lilipitishwa. Ushuru wa magari ya mtumba ukapandishwa kwa hatua, wa vipuri ukaondolewa, na ndani ya ulinzi ule kukawekwa kipengele ambacho magazeti yalikicheka sana: baada ya miaka minne kamati itarudi kukagua maegesho ya wafanyakazi wa kiwanda. Redio zikakiita sharti la maegesho. Siku habari zilipofika, watu walipiga nyundo za mpira kwenye makasha matupu mpaka mlinzi wa geti akadhani kuna moto. Mama Milango alibebwa juu juu, akawa anawapigia kelele wamshushe kwa sababu mstari haujasimama na kuna mlango haujakazwa.

Lakini furaha ile ilikuwa na mtu iliyemuumiza. Dalali alikuja kwa dada yake jioni, hakukaa. "Umenikata miguu, dada," akasema. "Mimi si adui yako. Watu wasio na uwezo wamepata magari kwa mkono wangu. Mama amepata kwa mkono wangu." Mama Milango alimfuata mpaka mlangoni, akamkuta ameshavuka barabara. Kwa muda mrefu baadaye mdogo mtu alikuwa akija kumwona mama yao saa ambazo dada yuko kazini, na dada alikuwa akirudi anakuta ganda la chungwa mezani, anajua alikuwepo, anajifungia jikoni analia. Nisikudanganye, ushindi ule ulimuuma.

Dawa yake ilikuwa kazi, na kazi haikukosekana. Sheria mpya ilitaka kila mwaka vipande vingi zaidi viundwe hapa hapa. Mpira wa milango ukapewa kiwanda jirani kilichokuwa kinatengeneza kandambili. Basi, usiombe. Mpira wa kwanza ulikuja mgumu kama soli ya kiatu, mlango ukiufunga unakurudishia. Ukaja wa pili, laini, unafunga vizuri, lakini gari likiingizwa kwenye chumba cha mvua, pale wanapolimwagia maji pande zote, linatoka na bwawa ndani. Mwenye kiwanda cha kandambili alikuja na tai kueleza kwamba vipimo vyake ni sahihi na tatizo ni namna ya kufunga. Mama Milango hakubishana naye. Alimfungulia mlango wa abiria kwa adabu, yeye akakaa kwa dereva, akafunga, akaashiria mvua ianze. Walitoka wote wawili wamelowa chapachapa, tai imenyauka. Bwana yule alicheka mpaka akakaa chini, akarudi kwake akaufinyanga upya. Wa tatu ulipokuja, Mama Milango alikaa ndani ya gari kwenye mvua ile peke yake hata baada ya maji kuzimwa, mkavu, hataki kutoka. Kisha akatoka, akaufunga mlango kwa nyonga. Dup. Kiwanda kizima kiliusikia, au angalau ndivyo wanavyosema.

Bei ikaanza kushuka. Si kwa mara moja, na kuna watu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana mtumba ulikuwa umepanda kabla gari la nyumbani halijashuka. Lakini lilishuka. Ushirika wa wafanyakazi ukaanza kuwakopesha wanachama, foleni ikawekwa, na wa kwanza kutoka getini na gari aliloliunda mwenyewe alikuwa fundi wa rangi. Alizunguka uwanja mara saba kabla ya kukubali kwenda nyumbani.

Mlinzi wa geti sasa alipata kazi ya maana. Alichora mstari mweupe kati ya maegesho. Upande mmoja akaandika WENYEJI, upande wa pili WAGENI. Kila mtu akinunua gari jipya, mzee yule anafuta mstari kwa petroli anausogeza nafasi moja, anauchora upya, amenyooka kuliko rula. Mwanzoni Wenyeji walikuwa na kakona kadogo karibu na mfereji. Baadaye ukafika katikati. Watu wakawa wanapita hata siku ya mapumziko kuangalia mstari umefika wapi. Meneja aliuhama ule mtumba wake mrefu mchana kweupe, akapigiwa makofi, akainama kama bwana harusi.

Mwaka wa nne ulipokuwa unaelekea ukingoni, upande wa Wageni ulibaki na gari moja. Ulishajua la nani.

Zamu ya Mama Milango kwenye foleni ilikuwa imefika mara tatu, na mara tatu akaitoa: kwa mjamzito, kwa mwenye watoto pacha, kwa fundi wa nyaya aliyekuwa anaoa. Watu walimsifu kwa moyo wake. Ukweli ni kwamba aliwahi kumpandisha bibi kwenye gari jipya kumjaribisha, na walipoteremka bibi alisema ni gari zuri, zuri sana, kisha akalala siku mbili hajageuka. Hakulalamika. Lakini mwanawe aliona. Akafunga mdomo wake, mara ya kwanza maishani, akasema moyoni kitaeleweka mbele ya safari.

Halafu likaja tangazo: mwenyekiti anakuja wiki ijayo. Sharti lilisema hata gari moja. Wenzake waliokuwa wakimtania sasa hawakutania tena. Walimpita wanamsalimu kwa sauti ya chini kama wanapita penye msiba. Aliona kiwanda kizima kinamngoja yeye, na upande wa pili anaona mgongo wa mama yake, na hakujua ageukie wapi.

Aliyemwambia bibi ni mlinzi wa geti, siku ya kliniki, akidhani anajua. Walipofika nyumbani, bibi akamgeukia mwanawe.

"Ulimwahidi yule mama mbele yangu. Mimi nilikuwa dirishani, nilisikia. Leo unanifanya mimi ndiyo kisingizio chako?"

"Mama, mgongo wako..."

"Mgongo ni wangu. Na mimi nilisema siku ile ninachotaka ni kiti. Umewaambia watu wa viti?"

Hakuwa amewaambia. Ndiyo, cheka tu, hata mimi nilicheka. Mwanamke aliyezungumza na kamati nzima ya bunge hakuwa amefikiria kwenda hatua chache kutoka penye milango mpaka sehemu ya viti, mahali ambapo watu wanashinda kutwa wanakata sponji. Kwake gari lilikuwa milango, na mama yake alikuwa mzigo wake wa kubeba peke yake.

Asubuhi iliyofuata bibi aliingia kiwandani na fimbo yake akakaa kwenye sehemu ya viti kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. Washonaji walimzunguka. Wakaweka sponji, akakaa, akasema hapana. Wakaongeza chini ya kiuno, akakaa, akasema huyu anayenisukuma ni nani. Wakapunguza. Wakabadilisha chemchemi. Siku nzima, na ya pili, na mstari wa viti ukachelewa. Mchana wa siku ya tatu wakaweka kiti kingine, bibi akakaa, wakamngoja aseme hapana. Hakusema. Wakainama kumtazama. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na mshonaji mkubwa akaweka kidole mdomoni akazima feni. Mama Milango alisimama mlangoni akaona haya kujifuta macho mbele ya watu, kisha akajifuta tu.

Ushirika ukamkopesha gari jipya, kiti kile kikafungwa humo, na mdogo wake akaja kulichukua gari la zamani, maana ni yeye tu aliyejua pa kulipeleka. Alikuja na uso mgumu. Bibi akataka kuliwasha kwa mkono wake mara ya mwisho. Binti akasema maneno yake yote marefu, laini, hakuacha hata moja.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia. "Nenda salama."

Hapo uso mgumu wa dalali ulimshinda. Alimkumbatia dada yake pale pale barabarani, muda mrefu, kisha akajifanya anatafuta simu. Akaondoka, akasimama mbele kidogo, akarudi kinyumenyume na kushusha kioo. Akauliza kama wenye kiwanda wanatafuta mtu wa kuwauzia magari mjini, mtu anayejua kuongea na wateja, akamwomba asiseme kuwa ni ndugu yake. Mama Milango alisema atamtaja, na atasema ni ndugu yake, na akizubaa atamrudisha kwenye mitumba.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alikuja na viatu vile vile vya chini. Hakupita mlango wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye maegesho na kumkuta mlinzi wa geti amesimama kando ya ukuta kabisa, brashi mkononi, rangi haijakauka. Mstari mweupe ulikuwa umesogea mpaka ukagusa ukuta. Upande wa Wageni haukuwa na nafasi hata ya baiskeli. Wafanyakazi walikuwa ndani ya magari yao, kila mtu kwenye lake, hakuna aliyekubali kutoka. Nafasi moja tu ilikuwa tupu, pale karibu na geti.

Mama Milango akaingia. Alikuwa ametoka kumchukua bibi, na aliendesha taratibu, na njia nzima mawe meupe ya mlinzi yalimpita pembeni kama gwaride. Akaegesha. Mwenyekiti akainama kwenye dirisha la kushoto kama siku ile, akamuuliza bibi kiti kinaendeleaje.

"Kiti hakina neno," bibi akasema. "Ila gari lenyewe halina adabu. Tangu asubuhi halijaniamkia."

Fundi wa rangi alikuwa jirani na dirisha liko wazi. Alisikia, akabonyeza honi. Fundi wa nyaya akafuata. Kisha mwenye mapacha, kisha meneja, kisha safu ya pili na ya tatu, mpaka uwanja mzima, kila gari walilolishika kwa mikono yao, likawa linapiga honi kwa pamoja, na mlinzi wa geti ambaye hakuwa na gari akawa anagonga kopo la rangi kwa brashi. Bibi alisubiri. Hakuharakisha. Walipomaliza wote, akainua mkono nje ya dirisha.

"Marahaba, wanangu."

Mwenyekiti alitazama uwanja ule kutoka geti mpaka ukutani. Akamwambia Mama Milango kwamba lile geti lake, aliache wazi. Mama Milango alizima gari. Basi akateremka, akaufunga mlango kwa nyonga, akaenda kuvaa ovaroli, kwa sababu zamu ilikuwa imeshaanza.